Mvua ya Usiku wa Ijumaa

Nairobi, 3 Mei 1964

Mama Mkubwa Mwanamkuu,

Shikamoo. Nakushika miguu kutoka huku mbali, na Baba Mkubwa Athmani naye ana shikamoo yake, aipokee akipenda. Mimi ni mzima, ila baridi ya Nairobi haina adabu, nalala na soksi. Nimesikia Asiya yu karibu kujifungua. Mwambie dada yangu asibebe maji.

Sasa habari yangu. Nimetolewa ofisini Kisumu nikaletwa huku kwa masomo ya miezi mitano. Tuko kumi na wanane: watu wa misitu, wa samaki, wa mito, wa wanyama wa pori, na sisi wa mvua. Serikali inataka watu wake wenyewe wajue kuzisoma hesabu za nchi yao, wasingoje mgeni aje kuwasomea. Masomo haya huitwa takwimu. Mwalimu wetu ni Bwana Jefwa, mtu wa Kilifi aliyekaa ng'ambo miaka tisa. Hacheki. Neno lake la kwanza darasani lilikuwa hili: "Kisichopimwa huachwa wazi. Nafasi tupu si aibu, aibu ni kuijaza."

Kila mmoja ameambiwa achukue vituo viwili vilivyo jirani, azilinganishe hesabu zake siku kwa siku. Mimi nimechukua Galu na Mwabungo. Naam, Mama Mkubwa, mvua zote za kile kipimo cha shaba chenye chupa ndani, kilicho uani kwenu, tangu 1951 mpaka mwaka jana, ziko mezani kwangu. Nimewaringia wenzangu kwamba mpimaji wa Mwabungo, A. Chome, ndiye aliyenilea.

Mwambie hivyo Baba Mkubwa. Najua mwaka wa 1957 nilimtolea maneno, kwamba sitakubali kuzeeka nikichungulia chupa. Nilikuwa kijana mjinga. Lakini naye tangu mwaka uliofuata hajaniandikia hata mstari mmoja kwa mkono wake, ni wewe tu. Pengine sasa atafurahi.

Mwanao,
Mselem


Mwabungo, 24 Mei 1964

Mwanangu Mselem,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili. Sisi hatujambo kwa rehema za Mola. Asiya amejifungua salama, mtoto wa kike, wamempa jina langu, maskini. Mumewe Rai amechinja mbuzi wawili, na mtoto analia mpaka Ukunda wanamsikia. Mihogo yote ya bondeni imeoza kwa mvua za mwaka huu. Baba yako Mkubwa hajambo, macho yanamsumbua kidogo. Anasema marahaba.

Kuhusu hayo masomo, Mungu akufungulie. Lakini hizo hesabu za hapa zirudishe ulikozitoa. Nchi hii ina vituo vingi, chukua cha Taru. Kule mvua ni chache, na hesabu zake zitakuwa chache vilevile, utapata nafasi ya kulala.

Umekaa miaka saba hujatia mguu Mwabungo. Ukitaka kutujua, njia unaijua. Usitutafute kwenye makaratasi.

Mama yako Mkubwa,
Mwanamkuu


Nairobi, 14 Juni 1964

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu, Mungu amkuze awe na ulimi mkali kama wa somo yake. Mimi ni mzima wa mwili.

Kusema kweli sina raha. Naomba barua hii msomee Baba Mkubwa polepole, na anijibu mwenyewe.

Galu na Mwabungo ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Wingu likimwagika Galu, na Mwabungo hupati pa kujificha. Kwa hiyo hesabu za vituo hivi zilitakiwa ziende pamoja, na miaka saba ya kwanza zilikwenda pamoja. Halafu kuanzia Aprili 1958 zimeachana. Galu wakiandika mvua kubwa Jumatatu, Mwabungo imeandikwa Jumanne. Nilichukua karatasi nyembamba ya kuonyesha upande wa pili, nikaiweka mistari ya Mwabungo juu ya ile ya Galu, nikaisogeza siku moja nyuma. Katika kila mvua mia, sabini ziliingia mahali pake. Thelathini zilizobaki zilikuwa sawa tangu mwanzo.

Bwana Jefwa alitazama, akasema mbele ya darasa zima: "Huyu hapimi. Huyu hungoja habari za jirani zimfikie kesho yake, akazinakili. Na siku nyingine husahau hata kudanganya."

Amesema ataiandikia idara kwamba hesabu za Mwabungo za miaka hiyo zote zipigwe mstari, na mpimaji aondolewe, na jina lake liwekwe kwenye orodha ya wale wasioaminika. Mama Mkubwa, ni jina la Baba Mkubwa hilo. Aprili 1958 kulitokea nini?

Mselem


Nairobi, 12 Julai 1964

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Wiki nne sasa, na posta haina neno langu. Natumai hakuna mgonjwa.

Kuna jambo nililificha katika barua iliyopita, na limeninyima usingizi. Si Bwana Jefwa aliyeligundua kosa la Mwabungo. Ni mimi. Nilisimama mwenyewe, nikabandika michoro yangu ukutani, nikaeleza jinsi nilivyoisogeza karatasi. Nilitaka nionekane hodari. Nilidhani nimeokota kitu cha ajabu, sikufikiri kitaitwaje. Alipotamka neno "kunakili" nilikuwa bado nimeshika kijiti mkononi.

Barua ya kwenda idarani itaandikwa mwisho wa Agosti. Nimemwomba angoje mpaka hapo, akakubali kwa shingo upande. Nijibuni, hata kama ni kunitukana.

Mselem


Mwabungo, 26 Julai 1964

Mselem,

Marahaba. Hakuna mgonjwa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na Mtume ametufundisha mwenye hasira anyamaze. Sasa zimepungua kidogo tu, kwa hiyo soma.

Tulikuchukua mama yako alipofariki, huna hata meno. Leo umesimama mbele za watu kwa kijiti, umetuonyesha ukutani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikilisikia neno hili tu, sasa nimelionja.

Mwambie huyo Bwana Jefwa hatukuiba mvua ya mtu. Kwa nini mtu aibe mvua, ataipeleka sokoni? Kila tone lililoandikwa hapa limetoka ndani ya chupa hii, limemiminwa kwenye gilasi ya mistari, limesomwa juani. Haijapita siku. Hata juzi, Maulidi tuliyasoma tarehe ishirini na mbili, usiku, watu wamejaa mpaka barazani, na tuliposimama kumswalia Mtume mvua ikatushukia kwa nguvu, mkeka wa Bi Mbodze ukaenda na maji. Tulirudi majumbani tumelowa, na bado asubuhi yake ikapimwa: pointi sitini na moja, zaidi ya nusu inchi, imeandikwa tarehe ishirini na mbili kama ilivyonyesha. Huo ndio wizi wetu.

Unauliza 1958 kulitokea nini. Mengi hutokea katika mwaka. Baba yako Mkubwa anasema hana la kukuandikia.

Mtoto ameanza kucheka.

Mwanamkuu


Nairobi, 9 Agosti 1964

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Nastahili kila neno, hata lile la meno.

Sasa nisikilize. Maulidi nami niliyahudhuria, hapa Pumwani. Nilitoka darasani Jumanne, tarehe ishirini na moja, nikaoga nikaenda baada ya isha. Wewe umeandika ishirini na mbili. Nilisoma mstari huo nikadhani umekosea. Halafu nilikaa kitandani nikajicheka, kisha nikalia.

Hukukosea. Jua likishatua ile si Jumanne tena, ni usiku wa Jumatano. Ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe nikiwa mdogo, ukinipeleka kusoma Yasini usiku wa Ijumaa, na watu wa ofisini wakiuita Alhamisi. Nimekaa na saa za serikali mpaka nimesahau siku yetu inaanzia wapi.

Sheria ya idara ni kwamba maji yanayopimwa saa tatu asubuhi huandikwa tarehe ya jana. Karatasi za Julai zimeshafika: Galu wameiandika mvua ya Maulidi tarehe ishirini na moja. Mwabungo, ishirini na mbili. Mvua moja, usiku mmoja, na hakuna aliyenakili. Na zile thelathini katika mia ambazo hazikusogea ni mvua za mchana, kabla ya magharibi.

Lakini Baba Mkubwa alifundishwa sheria hiyo, na miaka saba aliifuata bila kukosea hata mara moja. Darasani tulikuwa na hesabu zilizopigwa chapa tu, kwa hiyo juzi niliomba karatasi zenyewe kutoka ghalani. Sahihi ni "A. Chome" mpaka leo. Mkono, tangu Aprili 1958, ni huu ulioandika kwamba mtoto ameanza kucheka.

Na barua zake kwangu zilikoma mwaka huohuo. Miaka sita nimekaa nikidhani amenikasirikia.

Haoni, Mama Mkubwa. Sivyo?

Nimemweleza Bwana Jefwa habari ya usiku na mchana. Amesikiliza, akasema: "Maneno mazuri. Ushahidi uko wapi?" Anataka kujua nani amepima, kwa jina lake, na kitu chochote kinachoonyesha ipi ilikuwa mvua ya usiku na ipi ya mchana. Bila hivyo barua yake itakwenda. Siku zimebaki ishirini na mbili.

Najua ukisema, idara itajua kwamba sahihi si ya mwenyewe. Usiposema, mtaitwa waongo nyote wawili. Sijui nikushauri nini. Naogopa.

Mwanao


Mwabungo, 23 Agosti 1964

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii anaileta Rai kwa mkono wake, amepanda gari la moshi. Posta siiamini kwa jambo hili.

Ndiyo, haoni. Ulikuwa ukungu kwanza, halafu mwishoni mwa Machi 1958 likawa giza. Alinikataza nisikwambie. Alisema: "Aliondoka kwa hiari yake, asirudishwe na huruma." Nami nikatii, ndiyo maana kila barua nimekuandikia macho yanamsumbua kidogo. Huo ndio uongo wangu kwako.

Kipimo kile kilikuwa kazi yake na heshima yake. Watu wa hapa wanamwita Bwana Mvua. Ningekwenda kuwaambia wakubwa kwamba haoni, wangekuja kukichukua siku hiyohiyo, na yeye angekaa barazani kungoja kufa. Basi alinifundisha. Alishika mkono wangu akauongoza, jinsi ya kumimina, jinsi ya kusoma maji kwa chini penye tumbo na si pembeni. Akanifundisha na sahihi yake. Sijawahi kukosa siku. Siku ya harusi ya Asiya nilipima na hina mkononi.

Akaniambia pia niandike jana. Hapo tuligombana. Nilimwambia: mvua ya usiku wa Ijumaa ni ya Ijumaa, Mungu ndiye aliyeipa siku hiyo, mimi ni nani niirudishe Alhamisi? Nitakuwa nimeandika uongo kila siku iendayo kwa Mungu. Akasema wazungu ndivyo wanavyotaka. Nikamwambia wazungu hawako uani kwangu. Alichoka akaniacha. Kwa hiyo ubaya wote uliouona ni ukaidi wangu mimi, niliyetaka kusema kweli.

Naleta na daftari langu la jikoni. Hili hakuna aliyewahi kuliona. Kila mvua nimeiandika kwa zile herufi za Kiarabu za chuoni, na ubavuni nimetia lamu kwa ya usiku, nun kwa ya mchana. Nilikuwa nachungulia chupa mara mbili, kabla ya magharibi na asubuhi. Samahani kwa mafuta ya nazi, kurasa nyingine zimeshikana.

Na karatasi ya tatu ni maneno yangu kwa Bwana Jefwa, kwa jina langu. Nimeandika: mpimaji ni mimi.

Baba yako Mkubwa amekaa hapa karibu yangu. Nimemuuliza kama ana neno. Amesema nikuandikie: "Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Wangu moyo haujafa. Wake vipi?" Mjibu wewe.

Mwanamkuu


Nairobi, 20 Septemba 1964

Mama Mkubwa, Baba Mkubwa,

Shikamooni. Wangu ulikuwa umelala, Baba Mkubwa. Sasa umeamka, na unauma.

Rai alifika na tope mpaka magotini. Usiku ule sikulala na asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Bwana Jefwa. Aliishika ile barua ya idarani, imeshapigwa chapa, bado sahihi tu. Akaiweka chini. Akasema tusiamini wala tusikatae, tujaribu. Nilimsomea herufi zako moja moja, kwa kuwa yeye hazijui, naye akatazama hesabu za Galu bila kuniambia zimesema nini. Tulifanya hivyo siku tatu, mvua mia sita na kumi na mbili. Penye lamu, imesogea siku moja. Penye nun, haikusogea. Zilizokosana ni tisa tu. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mama yangu kule Kilifi angenicheka." Ndiyo mara ya kwanza tumemwona anatabasamu.

Barua ile ameichana mbele yangu. Hakuna kinachofutwa. Mvua za usiku zitarudishwa siku moja nyuma kwenye jedwali la idara tu, daftari lako libaki lilivyo. Na jedwali litasomeka hivi: Mwabungo, wapimaji: Athmani Chome, 1951 hadi Machi 1958, Mwanamkuu binti Shutu, Aprili 1958 hadi sasa. Idara imekubali uendelee, kwa sahihi yako mwenyewe. Wamesema daftari hili sasa ni miongoni mwa yale wanayoyaamini kabisa.

Jambo jingine la kumfurahisha Baba Mkubwa. Bwana Jefwa ameutafuta mwezi unaolingana na Galu kuliko yote katika miaka kumi na mitatu, auweke kuwa mfano wa kufundishia darasa lijalo. Umetoka Machi 1958, mwezi wake wa mwisho. Karibu siku zote, pointi kwa pointi. Mtu aliyekuwa anapofuka, na bado hakuna aliyempita!

Nakuja Desemba. Nitachungulia chupa hiyo mpaka mnifukuze.

Mselem wenu


Mwabungo, 11 Oktoba 1964

Mwanangu Mselem,

Marahaba, na Baba yako Mkubwa ameitikia marahaba kwa sauti, majirani wamesikia. Sote wazima. Mtoto amekaa. Mihogo mipya imeshika. Nimemsomea barua yako, na nilipofika kwenye jina langu aliniambia nirudie, nikarudia mara nne.

Mstari wa Machi sikumsomea.

Tangu Ijumaa tatu zilizopita nakaa na barua hii, naiandika naichana. Rai anasema niache, mambo yamekwisha, kazi nimepewa na jina limesafishwa. Asiya anasema hivyohivyo. Nami najua nikiandika haya, idara wanaweza kuniambia kwa haki kile walichotaka kuniambia bila haki. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeshatembea yangu miaka sita.

Machi ile tulikuwa Mombasa. Nilimpeleka Baba yako Mkubwa kwa waganga wa macho, tukakaa siku kumi na tisa, kuanzia tarehe sita. Uani hapakuwa na mtu. Tuliporudi tukakuta karatasi ya mwezi inangojwa, na mwaka wa nyuma tulipoacha siku mbili tupu, kwa ajili ya maziko, ilirudishwa kwetu na wino mwekundu kama mtoto aliyechapwa. Niliogopa wasije wakauliza mpimaji alikuwa wapi. Nikaenda Galu kwa Mangi, mlinzi wa kipimo chao. Nikampelekea mkate wa kumimina, nikamwambia nataka kujifunza namna ya kuandika. Akanipa karatasi yake. Nikakaa nayo kivulini nikainakili, tarehe kwa tarehe, pointi kwa pointi, nikiuiga mwandiko wa Baba yako Mkubwa.

Ndiyo maana umelingana. Mtaalamu wenu ameshika nilizopima akaziita za wizi, na nilizoiba amezifanya somo. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilizipanga vizuri.

Mwezi wa Mei uliniandikia neno lake la kwanza darasani, kwamba nafasi tupu si aibu. Nililisoma nikakuambia uchukue Taru. Sasa nimelielewa. Laiti lingekuja na ule wino mwekundu.

Mpelekee barua hii. Kuanzia tarehe sita mpaka ishirini na nne Machi, 1958, futa, uache wazi. Wakitaka kukichukua kipimo, waje, kimeng'arishwa. Nyingine zote nilizipima.

Jana ilinyesha pointi saba, mchana.

Mwanamkuu binti Shutu,
mpima mvua, Mwabungo